Salio la Bibi

Mwalimu wa Kifaransa alikuwa na sheria moja, nayo ya kijeuri: atakayetamka neno la Kiswahili darasani atasimama hadi kipindi kiishe. Ndiyo maana fundi cherehani, mama wa miaka sitini na mbili mwenye magoti mabovu, Jumamosi nyingi alisoma akiwa wima.

Alivumilia kwa sababu ya mjukuu. Binti yake aliolewa ng'ambo kwa wazungumzao Kifaransa, akajifungua, akaamua kwamba Kiswahili kingemchanganya mtoto. Kingemchanganya nini, fundi hakuelewa hadi leo. Basi bibi ndiye aliyebebeshwa madaftari uzeeni ili aweze kusalimiana na damu yake mwenyewe.

Jumamosi iliyopita mtoto alikuwa akimsimulia kwa simu habari za jino. Fundi alilitambua neno lile, akafurahi mpaka akaacha kushona, na papo hapo simu ikakatika. Salio limekwisha, na vocha alikuwa ameiweka muda si mrefu. Ujumbe ukaingia: amekatwa ada ya Vichekesho vya Kila Siku. Fundi hakuwahi kumwomba mtu amchekeshe. Alipiga huduma kwa wateja mara nne, na mara zote nne akaishia kusikilizishwa muziki.

Leo mwalimu akaandika ubaoni, "Katika ofisi ya simu." Fundi awe mteja. Mhudumu awe bwana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kazini kwake alikuwa mhudumu kweli, tena wa kampuni ileile. Wenzake walimbandika jina la Bwana Samahani.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?" alianza, kwa Kifaransa laini cha kitabuni.

"Simu yangu inakula pesa."

"Samahani sana. Ungependa kifurushi kikubwa zaidi?"

Darasa likacheka. Fundi akapandwa na hasira. Kwa Kiswahili angemtoa nishai bwana huyu mpaka atafute mlango, lakini Kifaransa chake kilikuwa cha kuulizia bei ya nyanya. Akatumia hichohicho.

"Sitaki kifurushi. Sitaki vichekesho. Mimi ni bibi. Mtoto anaongea, wewe unakata. Wewe ni mtu mbaya."

"Vizuri," mwalimu akasema. "Ila mhudumu anaitwa kwa heshima."

"Na wewe ni mtu mbaya," fundi akamwambia mwalimu.

Kisha fundi akaibwaga simu yake mezani na kuitupilia mbali sheria. "Nitasimama mpaka kesho, sijali," alisema kwa Kiswahili. "Niondolee hivi vichekesho sasa hivi, baba, la sivyo leo humu hatoki mtu."

Bwana Samahani akamtazama mwalimu, akatazama simu. Akashusha sauti, naye kwa Kiswahili. "Mama, huwa tunawaunga wateja na huduma hizi bila kuwauliza. Na tumekatazwa kumtoa mtu kabla hajapiga mara tano. Wakubwa wanasema aliyepiga mara nne bado hajachoka."

"Mimi nilipiga nne."

Bwana Samahani aliichukua simu, akabonyeza tarakimu kadhaa, akairudisha. Ilimchukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo, na jambo hilo ndilo lililomchoma fundi kuliko yote.

Akatoa vocha kwenye pochi, akaikwangua, akaingiza namba na kupiga. "Kaa hapo usikie ulichokuwa unakikata," alisema, akaweka spika.

"Nani?" sauti ndogo iliuliza kwa Kifaransa.

"Mimi bibi. Jino lako liko wapi?"

Lakini sauti iliyomtoka ilikuwa ileile aliyomgombezea Bwana Samahani.

"Mbona unanigombeza?" mtoto akauliza.

Fundi alielewa kila neno. Alitafuta la kujibu kwa Kifaransa, akakuta pesa, akakuta kifurushi, akakuta mtu mbaya. Mtoto akakata.

Safari hii hakuwa na kampuni ya kulaumu, na hasira ikamgeukia yeye mwenyewe.

"Salio bado lipo, mama," Bwana Samahani alisema taratibu. "Mpigie tena."

Fundi hakumtazama. Alimgeukia mwalimu, bado amesimama.

"Nifundishe kubembeleza," akamwambia. "Kugombana nimeshajua."