Sabato Iliyoingia Mapema

Hasira ya Mong'ina haikuanza siku ya Ijumaa. Watu wa kule karibu na Kebirigo walipenda kusema baadaye kwamba mama yule alipandwa na mori mara moja tu, kwa ajili ya kengele. Hao hawakuiona wiki yenyewe ilivyokwenda. Hasira ilianza Jumapili asubuhi, wimbi la Mong'ina, nafaka ya uji, likiwa limekomaa shambani hadi masuke yamejikunja kama ngumi, na wanawake wa egesangio, kile kikundi chao cha kulimiana na kuvuniana kwa zamu, wakiwa wameahidi kufika kwake na visu.

Zamu ilikuwa yake, hakuomba hisani ya mtu. Tangu mvua za kwanza alikuwa amepinda mgongo katika mashamba ya wenzake wote. Alipalilia kwa Nyangate, akavuna kwa Esnah, akabeba vikapu vya watu mpaka shingo ikawa ngumu. Sasa shamba lake ndilo lililobaki, na kila alasiri mawingu yalijikusanya juu ya ukingo wa Manga. Mtu aliyezaliwa katika milima ile hahitaji kuelezwa mvua ya mawe inavyolifanya wimbi lililokomaa. Haiachi kitu cha kuokota.

Basi Jumapili hiyo chifu akatuma neno kwamba kila nyumba itoe mtu wa kung'oa nyasi barabarani, kwa kuwa mzungu mkubwa angepita na gari. Wanawake wakaenda wakang'oa nyasi kutwa nzima, na huyo mzungu hakupita. Jumatatu mzee mmoja wa ukoo akaaga dunia, watu wakamiminika kwenda kulia. Mong'ina naye alilia, maana marehemu alikuwa mtu mwema, ingawa machozi mengine yalikuwa ya wimbi. Jumanne wakazika. Jumatano Nyangate, mke wa mzee wa kanisa Onchiri, alikuwa akimwoza binti yake, egesangio nzima ikahamia kwake kusaga unga na kuteka maji. Alhamisi ikawa siku ya kanisa. Makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa ya kila mwaka, yalikuwa yanaanza, mchungaji mgeni aitwaye Eliakim alikuwa njiani kutoka upande wa ziwa, na ilibidi kuta zikandikwe, sakafu isilibwe kwa samadi, na vibanda vya wageni viezekwe.

Kila jambo lilikuwa jema, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Utamkasirikiaje maiti? Utamnunia bibi harusi? Kila jioni alirudi nyumbani kwa njia ya shambani, akasugua suke moja kiganjani, na punje zikamwagika kwa urahisi unaotisha. Wenzake walimwambia, kesho, mama Walter, kesho bila shaka. Alianza kulichukia neno hilo.

Halafu kulikuwa na Onchiri mwenyewe. Onchiri alikuwa ndugu wa Ombui, mume wa Mong'ina, aliyekwenda vita vya Burma na hakurudi. Habari za kifo zilipofika, ukoo ulitaka mjane arithiwe na binamu mmoja mwenye wake wengine, na ni Onchiri aliyesimama mbele ya wazee akasema mama Mkristo harithiwi kama jembe. Kanisa likamkingia kifua. Mong'ina hakuwahi kusahau wema huo. Lakini mwaka huu Onchiri yuleyule alikuwa ameanza wimbo mwingine. Mjane asiyeweza kujaza ghala lake, alisema, hawezi kulea watoto wa ndugu yake. Kama mavuno haya yangepotea kama yale yaliyopita, basi Walter na Bitutu wangehamia kwake, na shamba lingeunganishwa na lake. Alilisema mbele ya wazee walewale, nao wakatikisa vichwa kukubali.

Kwa hiyo si uji uliokuwa umesimama katika shamba lile. Walikuwa watoto wake wawili.

Ijumaa wanawake walikuja. Umande ulikuwa haujakauka walipoanza kukata, wamejipanga safu moja, visu vidogo vikipita shingoni mwa masuke, vikapu vikijaa. Walikuwa na aibu ya kumchelewesha, nayo aibu ikawafanya wawe wepesi. Esnah alichekesha watu kwa kumwigiza mzee mmoja wa harusini alivyokanyaga mkia wa mbwa. Mong'ina alicheka pia, mara ya kwanza tangu Sabato iliyopita. Adhuhuri sehemu yote ya juu ilikuwa imekwisha. Ilibaki ile ya bondeni, penye udongo mweusi, ambapo wimbi lilikuwa limebeba kuliko kwingine kote, na alikadiria kwamba wangemaliza na bado wapate wasaa wa kuoga na kupika kabla jua halijazama na Sabato kuingia.

Alasiri wingu zito likapanda kutoka Manga na kulifunika jua. Ghafla kukawa giza, kuku wakaanza kurudi kwenye nyumba zao.

Kule kanisani, Onchiri alikuwa amesimama uwanjani pamoja na mchungaji Eliakim, aliyekuwa amefika punde tu. Saa ya Onchiri ilikuwa imekufa tangu msimu wa kupanda, naye alikuwa akiwaficha watu jambo hilo. Mgeni alikuwa amekwisha kusema kwamba kwao hakuna anayekutwa na Sabato akiwa na jembe mkononi. Onchiri akalitazama giza lile, akaona aibu ya kuchelewa inamjia, akachukua nyundo na kuigonga ile rimu ya lori iliyoning'inia mtini, ndiyo kengele ya kanisa. Aliigonga kwa nguvu ili hata viziwi wasikie.

Shambani visu vikaanguka. Esnah alikuwa ameshika suke lililokatwa nusu, akaliacha likining'inia kwenye bua lake. Hakuna aliyebisha. Tangu utotoni walifundishwa kwamba rimu ikilia kazi imekwisha, hata kama ndoo iko katikati ya kisima. Wakaambiana Sabato njema kwa sauti za chini, bila kumtazama Mong'ina, wakajitwika vikapu vilivyojaa wakavifikisha nyumbani kwake, wakaondoka.

Naye alikuwa bado amesimama katikati ya wimbi la bondeni wakati wingu lilipopasuka, jua likatoka. Lilitoka lote, kali, limening'inia juu kabisa ya mti mkubwa uliosimama ukingoni mwa Manga, na kati ya mti na jua bado kulikuwa na anga ya kutosha kuvuna shamba zima. Lilimpiga usoni. Kisu kilikuwa mkononi mwake. Aliliinamia suke la Esnah, halafu akajizuia, kwa maana ukoo mzima ulikuwa ukingoja tu kusikia kwamba mjane wa Ombui amefukuzwa kanisani. Bila kanisa, yule binamu angerudi na ng'ombe wake kumrithi. Akasimama pale, jua likimuunguza, kisu mkononi bila kazi.

Alikwenda moja kwa moja hadi uwanja wa kanisa, na kisu chake, na mavumbi yake. Onchiri alikuwa amebaki peke yake akikunja mikono ya shati. Mong'ina hakumsalimu, alilinyooshea jua kisu chake.

"Shemeji, lile pale ni nini?"

Onchiri hakugeuka kutazama. Alisema kengele imekwisha kulia.

"Nimekuuliza lile ni nini."

"Kengele ikilia, Sabato imeingia. Nikiigonga upya watu wataniona mtoto, na mgeni ataandika nini kwao? Nenda nyumbani, mama Walter. Mungu atakulindia wimbi lako."

Onchiri hakuwa amegonga kwa hila. Hata Mong'ina, katika hasira yake, alilijua hilo, maana alimwona masikio yamemwiva kwa aibu. Alikosea kama mtu yeyote anavyoweza kukosea chini ya wingu. Lakini kosa lake lilikuwa dogo kama mbegu, na neno moja tu lingelifuta, naye akaona afadhali wana wa ndugu yake wakose chakula kuliko yeye kulitamka. Hapo ndipo Mong'ina alipoacha kuwa na uchungu akawa na ghadhabu safi. Alirudi nyumbani, akawapikia watoto, akasali sala fupi sana.

Sabato ilipokucha alikuwa wa kwanza kuketi kanisani. Alivaa gauni lake jeupe na kitambaa cha kichwani alichokipiga pasi vizuri. Watu walidhani amepoa. Mchungaji Eliakim alihubiri asubuhi kwa Kiswahili cha kwao cha ziwani, Onchiri akitafsiri kwa Kigusii, na lilikuwa hubiri zuri. Mchana wakala chakula baridi walichopika jana yake, wakarudi ndani kwa kipindi cha alasiri. Onchiri ndiye aliyefundisha. Mada yake ilikuwa utakatifu wa siku ya Sabato. Alisema Sabato ni siku kamili, haipunguzwi wala haiongezwi, na mwanadamu hana ruhusa ya kumwibia Mungu hata dakika yake moja.

Mong'ina alikuwa ameketi karibu na mlango. Alilitazama jua likishuka polepole mpaka likafika juu ya ule mti wa ukingoni, mahali palepale lilipompiga usoni jana. Upande wa Manga wingu jingine lilikuwa likipanda.

Akainuka. Akatoka nje, akachukua nyundo kwenye panda ya mti, akaigonga ile rimu. Aliigonga kama Onchiri alivyoigonga, bila kuihurumia, mpaka mbwa wakaanza kubweka ng'ambo ya mto.

Kanisa lote likageuza shingo. Wengine walifikiri nyumba inaungua. Onchiri alifika mlangoni akihema, nyuma yake mchungaji, na nyuma ya mchungaji watu wamebanana. Akauliza huu ni wazimu gani.

"Sabato imekwisha," Mong'ina akasema. "Nimewatangazia watu."

"Imekwisha vipi? Huoni jua?"

"Naliona. Jana pia nililiona, shemeji, nikakuonyesha. Lilikuwa papo hapo juu ya mti. Ukasema Sabato imeingia. Umetufundisha sasa hivi kwamba ni siku kamili, haiongezwi. Kama iliingia jua likiwa pale, imetoka likiwa pale. Na kama haijatoka, basi jana haikuwa imeingia, na ulifukuza watu shambani mwangu mchana kweupe. Chagua wewe. Mimi nitakubali lolote utakalosema mbele ya watu hawa."

Hakupaza sauti. Nyundo aliishika kwa mikono miwili mbele ya gauni lake.

Mchungaji Eliakim alilitazama jua, kisha akamtazama mwenyeji wake. Alikuwepo jana, alisimama palepale uwanjani wingu lilipopasuka, naye hakusema kitu kwa sababu ya adabu za ugeni. Alimuuliza kwa upole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango, ikiwa ana la kuwaambia washiriki.

Onchiri alikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Nilikosea jana. Kila mtu aliyebanana pale mlangoni aliyasema moyoni kwa niaba yake. Midomo yake ilifunguka, ikafungika. Akautazama udongo mpya wa kizingiti ambao wanawake waliusiliba Alhamisi.

"Tufunge Sabato kwa sala," akasema hatimaye.

Akafunga kwa sala. Sala ilikuwa ndefu, lakini ilikuwa na mwisho, na amina ilipotoka Esnah alikuwa tayari amevua viatu vyake vya Sabato na kuvishika mkononi. Hakuna aliyetoa amri. Wanawake walitawanyika kwenda kuchukua visu, bila kelele, wengine wakiwa wamekunja gauni zao za kanisani kiunoni. Nyangate alimpita mumewe mlangoni bila kumwomba ruhusa, naye alikuwa mwanamke ambaye huomba ruhusa hata ya kwenda kuteka maji. Walilikata wimbi la bondeni mpaka jua lilipogusa ukingo kweli, na giza la kweli lilipoingia walikuwa wakibeba vikapu vya mwisho. Suke la Esnah lilikuwa bado linaning'inia. Esnah alilikata mwenyewe.

Mvua ya mawe haikunyesha usiku ule, wala Jumapili. Ilinyesha siku ya Jumanne, ikayavunjavunja mabua matupu hata yakalala chini. Ghala la Mong'ina lilikuwa limejaa hadi paa limeinuka kidogo upande mmoja, na wazee wa ukoo waliopita njiani waliliona bila kualikwa kulitazama. Habari ya watoto kuhamia kwa baba yao mdogo haikutajwa tena.

Lakini nyundo Mong'ina hakuirudisha. Makambi yaliisha, mchungaji akaenda zake, na nyundo ilikuwa imelala juu ya wimbi ndani ya ghala. Kama watu walifikiri mavuno yamempoza, hawakumjua. Kila alipokumbuka masikio yale mekundu na mdomo ule uliofunguka ukafungika, damu ilimchemka upya.

Ijumaa iliyofuata, alasiri, Onchiri akaja. Hakuingia uani, alisimama nje ya ua, kofia mkononi, akakohoa. Mong'ina alikuwa akipepeta. Onchiri akamsalimu, akauliza habari za watoto, akasifu mavuno, akazunguka mpaka maneno yakamwishia. Ndipo akasema amekuja kwa ajili ya nyundo, kwa kuwa Sabato inakaribia.

Mong'ina akaweka ungo chini.

"Jua liko wapi, shemeji?"

Onchiri akageuka. Safari hii alitazama. Alitazama kwa muda, mkono umekinga macho.

"Bado liko juu," akasema.

"Basi subiri."

Akauchukua ungo wake akaendelea kupepeta. Mzee wa kanisa akasimama nje ya ua wa mjane wa ndugu yake, kofia mkononi, watu wakipita na mizigo yao ya Ijumaa na kumwamkia, mpaka jua lilipogusa ukingo wa Manga. Hapo Mong'ina akaenda ghalani, akampa nyundo.