Zinki Ninayo Tayari

Nimechomelea vyuma miaka arobaini na sita: mageti, vitanda, hata madirisha ya gereza. Kwa hiyo binti yangu, ambaye ni muuguzi, aliponiambia kwamba huenda mwili wangu unapungukiwa zinki, nilicheka mpaka meno ya bandia yakanitoka.

"Zinki? Mimi? Moshi wa mabati yote yale yaliyopakwa zinki umeenda wapi kama si kifuani kwangu?"

"Baba, moshi si chakula."

"Wewe umeisoma zinki, mimi nimeivuta. Nani anaijua zaidi?"

Alichokitaka hasa ni ufunguo wa karakana. Mwanzoni mwa mwaka nilianguka kutoka kwenye ngazi, tena ngazi fupi tu, na tangu siku hiyo anaukodolea macho ufunguo ule kama paka aliyeona samaki. Mwishowe tukapatana. Hospitalini kwake walikuwapo watafiti waliotaka wazee wa kumeza vidonge vya madini, zinki ikiwamo, miezi sita na kuandika kila wanachokula. Kisha damu ingepimwa ili kukadiria umri wa seli zetu. Zangu zikionekana changa kuliko miaka yangu sabini na moja, ufunguo ubaki kwangu. Zikionekana kongwe, nimkabidhi, nikae barazani nihesabu magari.

Mke wangu naye akajiandikisha. Alimeza kidonge kila asubuhi kana kwamba ameagizwa na Mungu. Mimi vyangu nilivitumbukiza kwenye kopo la vijiti vya kuchomelea. Debe limeshajaa, unaongeza ya nini? Na lile daftari la chakula nililijaza kwa kuchungulia sahani ya mke wangu: mboga za majani, maharage, samaki, mbegu za maboga. Mwenyewe nilikuwa nakula mkate mweupe karakanani na chai ya vijiko vinne vya sukari, raha mustarehe.

Siku ya majibu tuliketi sote watatu mbele ya mtafiti, kijana mwenye miwani. Mke wangu ana miaka sitini na minane. Seli zake zilikadiriwa kuwa na sitini na minne, akatabasamu kama bibi harusi. Zangu zilikadiriwa sabini na minane.

Mtafiti akakuna kichwa. "Ajabu. Mzee kameza vyote, na anakula vizuri kuliko mimi. Labda kwa mafundi wa chuma madini haya yanadhuru. Itabidi tuwaonye wenzake."

Binti yangu akashusha pumzi. "Kama kosa ni la vidonge, basi mapatano hayapo. Baba, kaa na ufunguo wako."

Nilikuwa nimeshinda. Nyamaza, mzee, nilijiambia, mdomo uliponza kichwa. Hapo mke wangu akafungua mkoba, akatoa kichupa chake cha vidonge na kukisukuma kwa mtafiti.

"Basi na mimi naacha. Siwezi kumeza kitu kinachomzeesha mwenzangu."

Roho ilinisuta vibaya.

"Sijameza hata kimoja," nilisema. "Vyote viko kwenye kopo karakanani. Na chakula nilichoandika ni chako wewe."

Mtafiti akavua miwani. Binti yangu akanyoosha mkono. Nikautoa ufunguo, na iliniuma, sifichi. Lakini mke wangu aliudaka kabla haujamfikia.

"Sabini na minane, toa sitini na minne," alisema huku ananitazama. "Miaka kumi na minne. Ulipanga niikae na nani?"

Nilitamani anitukane tu yaishe.

Sasa ufunguo umo ndani ya chupa kubwa ya mbegu za maboga, chini kabisa, mke wangu ameufukia mwenyewe. Binti yangu alipolalamika, akaambiwa atulie, mume si wake. Kuingiza mkono ni marufuku. Ni kutafuna tu, kiganja kimoja kwa siku, na kidonge juu yake, naye amekaa mbele yangu akilitazama koo langu. Jana niliiona ncha ya ufunguo kwenye kioo. Nikiufikia, nafungua karakana. Ngazi, kasema, ataishika yeye.