Si Uliambiwa Usimshike?

...na kumbe dakika kumi na tano ni nyingi hivi, mkono umelala juu ya gazeti ndani ya sanduku la kioo, vidole vimetulia, na mimi sijatulia tangu nizaliwe, mimi fundi wa friji za maziwa, mkono huu umezoea kufungua na kukaza, lakini jirani yangu Kinyanjui aliponiachia huyu mjusi wake wa madoa akihamia Kesses aliniambia, Opondo, wiki mbili za kwanza usimshike, weka mkono tu akuzoee, aje mwenyewe, nikasema sawa, halafu nikafanya nini... sasa amejificha chini ya kipande cha chungu, naona pua tu, na sebuleni Selpha anakoroga chai, nasikia kijiko, shemeji yangu ametoka Awasi leo kwa jambo moja, kumwuliza Akumu kama atabaki na mimi ama arudi naye, binti yangu wa kumzaa, aliyelelewa na Selpha miaka tisa tangu mke wangu Angeline afariki, na mimi nikipeleka sukari, na viatu ambavyo kila mara vilikuwa vidogo... "Na shule iko aje?" Selpha anauliza, na Akumu anajibu, "Iko sawa," basi, iko sawa, si umwambie kuhusu maabara, si umwambie dawati lako liko karibu na dirisha, huyu mtoto maneno anayaweka wapi... usitingishe mkono, Opondo, baridi ya Julai hii inatosha kumsumbua, ndiyo maana nimemwekea taa nyekundu ya vifaranga niliyoazima kwa Mama Wahome, nimempimia joto kama fundi, joto si shida, shida ni mimi. Kwetu mgeni hakaribishwi kimyakimya, mgeni hupewa mikono, huombewa, hupakuliwa mpaka aseme ameshiba mara tatu, kwa hiyo siku Akumu alipofika niliita kikundi chote cha maombi cha hapa Kiplombe, watu ishirini na wawili, kila mmoja akamshika mkono, akasimamishwa ajitambulishe, Bethwel akaomba nusu saa hadi samaki wakapoa, nami nimejaa fahari, sikuona mtoto akirudi nyuma kidogo kidogo mpaka mgongo ukagusa ukuta, mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, mwenyeji nilipona kweli, mgeni akaingia chumbani akafunga mlango... halafu nikakuta daftari lake limejaa michoro ya mijusi, nikamtafutia mjusi, na hapo ningenyamaza, lakini wapi, niliita watu walewale, njooni mwone, nikaingiza mkono nikamtoa mbele yao, akajipinda, nikakaza, mkia ukakatika ukabaki vidoleni mwangu ukirukaruka, Mama Wahome akapiga nduru, Bethwel akaanza kukemea mapepo, na Akumu, ambaye kwa siku nane hakuwa amenipa sentensi nzima, akasema polepole, "Si uliambiwa usimshike?" Kinyanjui anasema mkia utaota, ila hautakuwa kama ule wa kwanza, niliona aibu mpaka masikio yakawaka... "Na hapa kwa baba, unakaa vizuri?" Jibu, mtoto. "Mimi sikuharakishi, nyathina, mtoto wangu, useme vile unaona," anasema Selpha, na mimi miguu inawasha, nisimame, niingie, nimwambie kitanda ni kipya, pazia alichagua mwenyewe, nimshike bega mbele ya Selpha, nicheke kwa sauti, nijibu badala yake, anakaa vizuri sana huyu, si ndiyo, Akumu, na najua atasema ndiyo, atasema kwa sababu nimesimama hapo nimemshika... Nataka ubaki, binti yangu, lakini wiki tatu hizi nilitaka useme ndiyo ili watu wasikie, ili mama yako huko aliko ajue nimeweza, na hata mara moja sijakuuliza unaogopa nini. Pua imetoka kidogo, imerudi. Wacha irudi. Mkono umekufa ganzi, wacha ufe, na akisema anarudi Awasi nitakunja nguo zake mwenyewe, moja moja, nitambebea begi, sitasema neno la kumfanya anihurumie, na Jumamosi nitakwenda huko, nikae kwenye kiti cha uani kwa Selpha, bila viatu, bila sukari, na Jumamosi ile nyingine pia, hata kama hatatoka chumbani... sebuleni Akumu anakohoa kidogo, kama mtu anayetaka kusema, nami, Mungu nisaidie, sitegi sikio.