Kiambatisho Chenye Kanga

Usiku wa kuamkia leo niliota bahasha ya ofisi ya kodi imekaa kwenye kiti cha wateja saluni kwangu, Tukuyu, inasubiri kusukwa.

"Taratibu, Bi Tumpe," ilisema. "Umenifungia kwenye droo siku nyingi. Kichwa kinaniuma."

Kweli, sikuwahi kuifungua, kwa woga tu. Nikaichana. Ikapiga chafya, ikajisoma yenyewe kwa sauti ya mwalimu mkuu: "Hujaleta ritani, yaani fomu ya hesabu za kodi, ya mwaka jana. Eleza sababu ndani ya siku thelathini, la sivyo saluni itafungwa."

"Zimebaki ngapi?"

"Moja. Ingia, lakini vua viatu."

Kumbe siku ni chumba. Naingia. Saluni haipo tena. Kuna meza, kalamu na dirisha. Dirishani naliona kufuli kubwa kama ng'ombe linapanda kilima kuja kwangu, linajifuta jasho kwa leso.

"Andika upesi," bahasha inasema. "Likifika litataka mlango."

Naandika: *Mwaka jana nilifunga saluni miezi minne, nikaenda Kyela kumuuguza mama. Nilisahau kila kitu isipokuwa dawa zake.*

"Vizuri. Sasa ambatisha ushahidi."

"Ushahidi ni mama mwenyewe."

"Basi mwambatishe."

Mama anaingia, mzima kabisa, anamenya ndizi. Nachukua stepla, navuta pindo la kanga yake, nalibana kwenye barua. Ta!

"We Tumpe! Kanga ya Pasaka hii!"

"Samahani mama. Ndivyo ofisi inavyotaka."

Hodi! Kufuli limefika. Linaisoma barua yangu likifuata mistari kwa ufunguo, kisha linamtazama kiambatisho.

"Shikamoo, mama. Umepona?"

"Marahaba. Nimepona, namshukuru Mungu. Ila wewe, baba, mbona umevimba hivyo?"

Kufuli linaanza kucheka. Linacheka, linajishika mbavu, linacheka mpaka linafunguka. Bahasha inacheka. Mimi nacheka hadi naanguka kutoka kwenye siku yenyewe.

Nikajikuta kitandani, kumekucha, simu inaita. Ni mama, kutoka Kyela.

"Mwanangu, nimeitoa ile kanga yangu ya Pasaka sandukuni. Ina vitundu viwili pindoni, vidogo, vimekaa sambamba. Sijui ni mdudu gani. Ngoja nitafute sindano."

"Usivishone, mama!" niliruka kitandani. "Ivae hivyo hivyo, upande gari la kwanza uje. Kuna barua tunaijibu leo."