Nguzo Haonekani Kazini

Mlinzi wa duka la samani walimwita Nguzo kwa sababu akishaketi mlangoni, hatikisiki. Hata nzi akitua puani mwake, anamwacha amalize shughuli zake. Kwake huko ndiko kulinda. Sasa shemeji yake, mume wa dada yake na mwenye duka, akafunga kamera. Wiki haijaisha, akamwita ofisini kanuna.

"Shemeji, mbona huji kazini?"

"Makubwa! Na chai ninayokuletea kila asubuhi?"

"Chai nakunywa. Ila kwenye kamera hupo."

Aliyekuwepo ni pazia la dirishani. Feni ililipepea, nalo likarekodiwa kutwa nzima, halikukosa hata siku moja. Nguzo alilitazama kwenye skrini, roho ikamuuma.

Fundi wa kamera akaitwa. "Hizi zinarekodi kinachosogea tu," akasema. "Ukitulia, kwao wewe na ukuta ni mamoja."

Basi kesho yake Nguzo alicheza mlangoni kama mtu aliyeingiwa na siafu. Wateja walipita mbali. Jioni shemeji akageuza skrini: ukungu mtupu, mara huku, kufumba na kufumbua uko kule.

"Mlangoni pana giza," fundi akaeleza. "Kwenye giza kamera inachelewa kufumba jicho, kwa hiyo ukijirusha unavurugika. Na picha kwa sekunde ni chache, ndiyo maana unaruka. Pikseli nazo, vile vitone vya picha, ni haba. Uso wako wote umepata mbili."

"Kwa hiyo nikitulia sipo, nikisogea si mimi?"

"Kitaalamu, ndiyo."

"Siwezi kuajiri ukungu," shemeji akasema. "Dada yako nitamweleza mwenyewe. Mlangoni naweka pazia."

Pazia! Jamani, mtu amelinda mlango huo tangu duka halina bati! Nguzo aliona uchungu. Alibeba kigoda chake, akafungua mlango wazi, jua likamwagika ndani, akatoka polepole huku anafuta machozi.

Hajafika barabarani, simu ikalia.

"Shemeji! Nimekuona! Sura yote, mpaka chozi! Fundi anasema mwanga ndio huo na mwendo ndio huo!"

Moyo ukamruka kwa furaha. "Kwa hiyo nirudi?"

"Urudi wapi? Siku ya kwanza nakuona kazini, unatoroka mchana kweupe. Na kigoda umebeba!"