Kufokewa na Mkwe

Mtu akiacha kazi, kila anayemjua hugeuka mshauri, na ushauri wenyewe huwa mmoja tu: fuga kuku. Fundi saa aliambiwa afuge kuku na jirani, akaambiwa na muuza duka, akaambiwa hata na daktari wa macho yuleyule aliyemshauri afunge kibanda chake. Mkewe ndiye aliyewazidi wote, maana yeye alishachagua mpaka pembe ya ua litakapokaa banda. Fundi saa aliwajibu kwa upole kwamba kuku ni viumbe wasio na ratiba, na yeye ameishi na ratiba miaka arobaini na mmoja, kwa hiyo hawataelewana.

Kumbe moyoni alikuwa na lake. Ni kweli macho yalikuwa yamechoka. Skrubu ndogo kama punje ya ulezi ilikuwa inamtokea mbili, na kila mara anaishika ile isiyokuwepo. Lakini si macho yaliyomvunja moyo. Siku moja alikwenda kwa fundi mwenzake, mtaa wa pili, kuomba kipuri, akazikuta pale mezani saa tatu alizozitengeneza yeye wiki ileile, zimefunguliwa upya. Wenye saa hizo walikuja kwake wakazichukua, wakamshukuru sana, wakamwita mzee wetu, kisha wakakata kona. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kuwa saa inachelewa. Walimwonea haya. Basi alirudi kibandani, akafagia, akafunga mlango, na sababu akasema ni macho.

Miezi miwili alikaa nyumbani akimfuata mkewe chumba hadi chumba, akimwelekeza namna ya kupanga vikombe. Mwezi wa tatu mkewe alimshika bega akamwambia, "Mume wangu, nakupenda, lakini toka."

Akatoka. Akaenda moja kwa moja kwenye karakana ya mkwewe, mume wa binti yake wa mwisho, ambaye ni mhunzi. Karakana ilikuwa banda la mabati lenye tanuri la makaa, feni la kupulizia moto, na kipande kirefu cha reli kilichofungwa juu ya gogo, ndiyo fuawe yenyewe. Mhunzi alikuwa na mfanyakazi mmoja tu, jitu la miraba minne lenye watoto wanne, watu wakiliita Bonge.

"Nataka kujifunza kufua chuma," fundi saa alisema baada ya salamu. "Sitafuti kazi, nataka kujifurahisha. Nimeshika vitu vidogo maisha yangu yote. Sasa nataka kitu ninachoweza kukiona bila lenzi."

Mhunzi alivua kofia. Mwanaume yule haogopi moto, haogopi chuma, na wateja wakorofi huwatuliza kwa kuwatazama tu. Lakini mbele ya baba mkwe wake alikuwa akishika kofia kwa mikono miwili. "Karibu sana, baba," alisema, na papo hapo akaanza kufuta kigoda ambacho hakikuwa na vumbi.

Kama hujawahi kuona uhunzi ukifundishwa, ujue kwamba haufundishwi kwa maneno matamu. Chuma kikitoka motoni kina dakika zake chache, na huwezi kuanza kusema samahani bwana, kama hutajali. Mhunzi alifundisha kwa kufoka, kama alivyofundishwa yeye. "Bonge, unalala? Kimeshapoa hicho, rudisha motoni. Bonge, nani amekwambia upige pale? Bonge, hilo ni jembe au chapati?" Na Bonge anaitikia "ndiyo, fundi," anarudisha chuma motoni, wala hanuni. Jioni wanapeana mikono, wanaagana kama ndugu.

Kwa fundi saa mambo yalikuwa mengine. Alipewa kipande cha nondo, akaonyeshwa namna ya kukipasha mpaka kiwe chekundu kinachoelekea manjano, kukishika kwa koleo, kukichonga ncha, kisha kukikunja juu ya ukingo wa reli kiwe kulabu ya kutundikia sufuria. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kila anayeanza. Fundi saa alipasha, akapiga, akakunja. Ilipotoka, kulabu ile ilikuwa na shingo iliyopinda na ncha iliyopasuka, mithili ya mtu aliyeamka na maumivu ya shingo.

"Nzuri, baba," alisema mhunzi.

"Kweli?"

"Nzuri sana. Iache hapa ipoe polepole, utaichukua kesho. Chuma kikipoa polepole hutulia."

Kesho yake fundi saa aliikuta juu ya meza imetulia kweli. Shingo imenyooka, ncha imefungana, mkunjo wake mzuri. Sasa huyu ni mtu aliyefunga kamani, zile springi za saa, miaka arobaini na mmoja. Anajua chuma kikipoa hakijinyooshi chenyewe, na angesikia mwingine akisema hivyo angecheka mpaka ashike mbavu. Lakini sifa ni tamu, jamani, na kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amemsifu kwa kitu alichokishika kwa mkono. Akajitia hamnazo. Akaitia kulabu mfukoni, akaenda nayo nyumbani akipiga mluzi.

Ndivyo ilivyokuwa wiki sita. Kila siku ya zamu yake anafua kulabu moja, anaambiwa nzuri baba, anaiacha, kesho anaichukua. Zikafika kumi na moja, zote zimepangwa kwenye bomba la ukutani jikoni, na sufuria za mkewe zikining'inia kwa ukubwa kama wanafunzi mstarini. Kichwa kikamvimba. Akaanza kuwashauri majirani kuhusu vyuma vya madirisha yao. Alimwambia hata Bonge kwamba ampige picha akiwa na nyundo, na Bonge akampiga, akitazama pembeni.

Kulabu ya kumi na mbili ndiyo iliyoharibu mambo. Siku hiyo mkewe alikuwa amenunua kikaango kipya na akataka kulabu jioni ileile. Mhunzi alikuwa ametoka kwenda kupima geti la mtu. Fundi saa alimaliza, akaichovya kwenye ndoo ya maji, ikachemka na kunyamaza, akaenda nayo nyumbani.

Aliitundika pamoja na wenzake. Akarudi nyuma hatua mbili. Akasogea tena.

Hata jicho bovu lingeona. Kumi na moja ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, na hii ya kumi na mbili imeokotwa njiani. Alizishusha zote, akazipanga mezani, akaenda chumbani kuchukua lenzi yake ya zamani. Alama za nyundo kwenye kulabu ya kumi na mbili zilikuwa ndogondogo, nyingi, zimeinamia upande mmoja. Kwenye zile kumi na moja zilikuwa chache, pana, na zimeinamia upande wa pili. Mhunzi alikuwa mtu wa mkono wa kushoto.

Mkewe aliingia, akamkuta ameketi, lenzi bado iko jichoni.

"Ulijua?" aliuliza fundi saa.

Mkewe alivuta kiti. "Baba watoto, tangu tuoane umetundika picha moja ukutani, na mpaka leo tukiitazama tunainamisha shingo. Nilijua siku ya kwanza."

"Na binti yako?"

"Yeye ndiye aliyekuwa akimshikia mumewe taa ya mkononi jioni, akizinyoosha. Walikuwa wanakustahi. Yule kijana anakupenda, wewe mtu."

"Amenivisha kilemba cha ukoka," alisema fundi saa.

"Ng'ombe hazeeki maini, lakini mabega je? Cheka kidogo basi."

Hakucheka. Aliona uchungu, uchungu wa kweli, wa kumfanya mtu akae na chakula mbele yake asikumbuke kula. Kama angefua kulabu mbovu mia moja angeona sawa. Mafundi wote huanza hivyo, na yeye mwenyewe aliharibu saa nyingi kabla ya kuijua ya kwanza. Lililomuuma ni kwamba mambo ya kibandani yalikuwa yamemfuata mpaka karakana. Mtu akianza kusifiwa kwa kila anachofanya, ameshawekwa kando, kilichobaki ni kumsalimia vizuri. Alitaka kujua jambo moja tu: mikono hii bado inaweza kujifunza, au ndiyo basi? Na hakuna aliyekuwa tayari kumjibu.

Siku tatu hakwenda karakana. Siku ya nne mkewe alimkuta uani, amesimama kwenye ile pembe ya banda la kuku, anaipima kwa hatua. Mkewe alipoona hivyo roho ilimuuma, kwa sababu alitaka kuku lakini hakuwataka kwa namna hiyo. Akampa mfuko wenye kulabu zote kumi na mbili. "Nenda ukamwambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi," alisema. "Usirudi na mfuko huu ukiwa na dukuduku lako."

Alipofika, mhunzi aliweka nyundo chini haraka. "Shikamoo, baba. Tulidhani unaumwa."

"Marahaba. Siumwi." Fundi saa alizimwaga kulabu juu ya meza, akazipanga mstari. "Nionyeshe yangu."

Bonge aliona kazi muhimu sana nje, lakini mlango ulikuwa nyuma ya fundi saa, akabaki. Mhunzi alizipitia moja moja. Kisha, taratibu, akaigusa ya mwisho kwa kidole.

"Ni mbaya kiasi gani?"

"Baba, kwa mtu anayeanza..."

"Mwanangu, siku ulipokuja kumwomba binti yangu ulivaa saa nzuri iliyokufa. Nilikwambia nini?"

Mhunzi alitazama chini. "Ulisema mwanaume anayevaa saa iliyokufa ili apendeze, ataweza kudanganya hata kwa mambo mengine. Ulisema niivue au niitengeneze."

"Ulinichukia?"

"Nilikuogopa. Mpaka leo nakuogopa. Lakini sikukuchukia. Niliona una haki, nikaivua saa palepale."

"Nilikwambia kwa sababu nilishaona utakuwa mtu wa kwangu. Wapita njia siwaambii kitu, nawatabasamia tu. Sasa wewe wiki sita unanitabasamia." Akaisogeza kulabu ya mwisho mbele ya mhunzi. "Wateja wangu walifanya hivyohivyo mpaka nikafunga. Na wewe ukifanya, mimi sina pengine pa kwenda. Kuanzia kwenye mlango ule kuingia ndani, mimi si baba yako. Nifundishe kama Bonge."

"Nimekuelewa, baba," alisema mhunzi.

"Baba tena?"

"Samahani, baba."

Fundi saa alivua koti, akavaa aproni, akachukua nondo. Makaa yaliwaka, chuma kikaiva, akakitoa akaanza kupiga. Tik, tik, tik, tik. Mhunzi alisimama mikono nyuma. "Labda, kama hutajali," alianza, kisha akanyamaza. Fundi saa aliendelea, mapigo madogomadogo ya kiganja, kichwa kimeinama karibu na chuma, kama anatafuta skrubu. Wekundu ukafifia. Akaendelea. Wekundu ukaisha kabisa, na yeye bado anagonga. Mguu wa mhunzi ulianza kutikisika. Bonge alifumba macho.

"Kimepoa hicho!"

Sauti ilitoka kama mlango uliokuwa umekwama. "Kimepoa tangu jana, wewe unakipapasa cha nini? Rudisha motoni! Na hicho kiganja kiache, piga kwa bega, bega! Simama wima, hiyo si saa hiyo, haitakimbia! Wiki sita natazama unachombeza chuma kama mtoto mchanga, nitakufa mimi hapa!"

Feni lilivuma peke yake. Mhunzi alijiziba mdomo kwa mkono wote wenye masizi, macho yamemtoka, na ungeona wazi kwamba anawaza atamwambia nini mkewe.

Fundi saa alirudisha nondo motoni. Machozi yalikuwa yanamlenga, na moshi haukuwa na kosa lolote. Alisimama wima.

"Ndiyo, fundi," alisema.

Hakuna aliyewahi kumwona mhunzi akikaa chini saa za kazi, lakini hapo alikaa, juu ya ndoo, kwa muda wa pumzi mbili tatu. Kisha akainuka, akafuta uso, akasogea karibu na reli. "Kikiwa cha manjano ndiyo utoe. Bado. Bado. Sasa. Bega."

Fundi saa alipiga kwa bega, na kwa mara ya kwanza alisikia chuma kikikubali, kikisogea chini ya nyundo kama udongo. Pigo la pili likaenda pembeni. La tatu akajigonga kidole gumba, akafokewa kwa hilo pia. Walirudia mpaka adhuhuri. Mhunzi aliipokea kulabu kwa koleo, akaigeuzageuza.

"Mbaya," alisema. Ilimtoka kwa shida, lakini ilitoka. "Shingo imeanza kuelewa. Ncha mbaya kabisa."

Mkewe alimwona akiingia uani, uso mweusi wa masizi, kidole gumba kimefungwa kitambaa, mfuko mtupu. Alisimama mlangoni asijue amwandalie chakula au pole.

"Leo nimefokewa," alisema fundi saa. "Mbele za watu."

"Na mkweo?"

"Huyohuyo."

"Na kulabu iko wapi?"

"Ameitupa kwenye vyuma chakavu. Zote kumi na mbili amezitupa, na ya leo." Aliketi kwenye ngazi, akanyoosha miguu, akajaribu kukaza uso, ukamshinda. "Amesema kesho nifike saa mbili kamili, na nikichelewa nitaona."