Mistari Myembamba ya Fundi Nguzo

Walimwita Fundi Nguzo kwa sababu ya herufi zake. Alizibuni mwenyewe ujanani, na kila mwenye duka aliyetaka kuonekana toka mbali alimjia yeye. Mguu wa herufi aliunenepesha ukawa kama nguzo ya baraza, mweusi tii. Halafu kinachounga mguu na mguu akakikondesha hadi kikawa kama unywele. Watu walimtania kwamba herufi zake nusu zimeshiba, nusu zimelala njaa. Naye hujibu kuwa hata mtaani ndivyo tulivyo.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Siku ya kwanza hupaka mistari minene kwa brashi pana, akaiacha ikauke. Kesho yake asubuhi, kwa brashi ya manyoya marefu, huvuta ile myembamba, pumzi kaibana. Akimaliza hula, hujinyoosha kitandani, na alasiri huosha brashi.

Mkewe ndiye aliyegundua. Ubao wa kinyozi ulikuwa umeegemezwa uani, rangi mbichi, na katika herufi A ule mstari mwembamba ulikuwa umeota pembeni huko, haugusani na mwenzake. Macho ya mzee yaliona nguzo. Unywele yalikuwa hayauoni tena. Mama yule alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake, na mkono wake ulikuwa bado imara. Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akafuta polepole, akachora upya huku mumewe akikoroma ndani. Alijiambia ni mara moja tu, asije akamvunja moyo.

Ubao wa pili ukaja, ukaja na wa muuza viatu, na wa mashine ya unga. Wateja wakasifu, na mzee akaamini mkono wake haujachuja. Alipolalamika ukungu machoni, mkewe alimsihi akapimwe. Akacheka. Mtu anayevuta unywele ukanyooka vile, akapimwe nini? Mama wa watu akarudi kwenye cherehani yake, maana jibu alikuwa nalo yeye mwenyewe.

Ndipo akaja mwenye duka la dawa. Wenzake wote walishahamia kwa vijana wa kompyuta wanaochapisha mabango ya plastiki, lakini yeye alisema atampa mzee ukuta wa mbele, na ukimpendeza, maduka yake yote yatakuwa ya Fundi Nguzo. Mzee alirudi nyumbani anatembea kama bwana harusi. Miezi mingi hakuna aliyempigia hodi, na sasa herufi zake zingekaa mjini hata akishakufa.

Ila ukuta hauingii uani.

Asubuhi ya myembamba mkewe alimwambia watafuatana, na kwamba yeye atapanda ngazi amsaidie kuvuta, apumzishe mgongo.

"Mama, mimi cherehani yako nimeigusa lini?" mzee akamuuliza, kwa upole tu. "Basi na brashi yangu niachie."

Mkewe akambebea makopo ya rangi hadi dukani.

Basi akashika ngazi kwa chini. Juu, minene ilikuwa imekauka vizuri, imesimama kama askari. Mzee akabana pumzi, akavuta. Mstari wa kwanza ukapita juu ya nguzo yenyewe, mweusi juu ya mweusi, ukapotea. Wa pili ukaangukia kwenye weupe, peke yake, kama ufa. Mstari mwembamba wa L, unaolala chini, aliuchora kiunoni. Wapita njia wakaanza kusimama. Mmoja akauliza kama fundi amekunywa. Mwingine akamwambia anyamaze, mzee wa watu huyo.

Mzee akashuka, akarudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara, akakunja macho.

"Imesimama?" akamuuliza mkewe aliyemfuata.

Mwenye duka alikuwa ametoka, anautazama ukuta mkono mdomoni. Hapakuwa na pa kujificha.

"Minene imesimama, mume wangu."

"Na myembamba?"

"Myembamba haipo mahali pake. Nilikuwa nakuchorea mimi."

Mzee hakupandisha sauti. Aliuliza tangu lini. Akaambiwa tangu ubao wa kinyozi. Akauliza kama siku zile angeenda kwa daktari macho yangetibika. Mkewe akasema hajui. Baadaye daktari aliwaambia kwamba mapema pengine yangeshikiliwa hapo hapo, sasa basi.

Mwenye duka hakuwatukana, na hilo liliuma zaidi. Alimshukuru mzee, akatuma mtu alete chokaa. Mama akajitolea kuimalizia mistari, akamwomba kwa mikono miwili. Mwenye duka akatikisa kichwa. Vijana wa plastiki alishawapigia simu.

Wakarudi kwa miguu, mzee kamshika mkewe bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya barabarani. Walipopita kwa kinyozi akasimama, akanyoosha kidole juu.

"Huu?"

"Minene ni yako."

Kwa muuza viatu akauliza tena, akajibiwa vile vile. Kwenye mashine ya unga mkewe alipunguza mwendo, akamngoja aulize. Mzee akapita bila kuinua uso. Wakaenda hivyo hadi nyumbani, na brashi hazikuoshwa. Rangi ikakaukia humo humo.